Naomba ushauri: shule ya binti yangu inataka kufungwa

Habari zenu ndugu zangu. Niko Pennsylvania, Marekani. Bodi ya elimu ya wilaya yetu inapendekeza kufunga sekondari mbadala ya serikali anakosoma binti yangu, sababu wanafunzi ni wachache. Lakini uchache huo ndio uliomwokoa! Alifika na miaka 17 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa asubuhi yuko kazini, jioni darasani, na mwalimu wa hesabu hukaa naye mpaka aelewe. Sheria ya jimbo inadai kikao cha hadhara angalau miezi 3 kabla ya uamuzi. Tumekusanya saini, tumeandika barua, kimya. Mliowahi kupigania shule: kikaoni tuseme wazazi wengi, au tuchague msemaji mmoja? Na mkalimani wa Kiswahili tumwombe kwa nani?