Ofisi inalipia mfumo wa nyaraka kila mwezi, kazi zote zinapita WhatsApp, na anayekatwa mshahara ni mtu wa chini

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie.

Nafanya kazi ya nyaraka kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, hizi ofisi za kutoa mizigo bandarini. Jina la ofisi silitaji. Mnaofanya kazi hii, iwe hapa, Dar au mpakani Horohoro, nadhani mtaitambua hali yenyewe bila kuambiwa jina.

Wiki hii kijana wetu anayeingiza taarifa za forodha kwenye mfumo amekatwa mshahara. Kisa ni kontena la vipuri vya mashine za kusindika mkonge. Muuzaji wa nje alituma orodha ya mzigo, baadaye akatuma nyingine iliyorekebishwa kwa sababu uzito na idadi ya maboksi vilibadilika. Ile ya marekebisho ilitua kwenye simu ya meneja. Meneja akaitupia kwenye grupu la ofisi usiku, katikati ya taarifa ya msiba na michango ya harusi. Kijana hakuiona. Kwenye barua pepe yake alikuwa na faili limeandikwa "PL FINAL MPYA" (PL ni packing list, yaani orodha ya mzigo), akalitumia hilo. Tungemtegemea atumie lipi lingine? Kontena lilipofunguliwa kukaguliwa, hesabu zikagoma. TANSAD, yaani tamko la forodha la mzigo, ikabidi irekebishwe, tozo ya hifadhi ikaendelea kupanda, mwenye mzigo akaja kufoka pale mapokezi mbele ya wateja wengine. Kikao kikaitishwa, na zigo lote akabebeshwa yeye.

Nilisimama nikasema palepale: "Bosi, huyu hana kosa. Orodha mpya haikuwahi kuwekwa mahali pa kazi." Nikajibiwa: "Wewe dada, yeye si yupo kwenye grupu? Kama yupo, alipaswa kuona."

Hapo ndipo nilipochemka. Ofisi hii inalipia Microsoft 365 kwa kila mfanyakazi, kila mwezi, na ankara inapitia mezani kwangu. Ndani ya malipo hayo kuna SharePoint (maktaba ya nyaraka za ofisi mtandaoni), OneDrive (hifadhi ya mafaili ya kila mfanyakazi) na Teams (soga na mikutano ya kazi). Kila kitu ambacho kingemwokoa yule kijana tumeshakilipia, na hakuna anayekigusa. Tumenunua, fundi akaja akasakinisha, watu wakapewa paswedi, basi.

Nianze na linaloniuma zaidi, historia ya matoleo. Ukiweka hati kwenye maktaba ya SharePoint, kila ikibadilishwa mfumo unatunza toleo la nyuma, pamoja na jina la aliyebadilisha, siku na saa. Kwa mpangilio wa kawaida wa mtandaoni, maktaba inatunza hadi matoleo 500 ya hati moja. Mia tano! Unaweza kufungua la wiki iliyopita ukaona lilivyokuwa, na likihitajika ukalirudisha. Google Docs nayo ina historia ya aina hiyo. Maana yake hakuna haja ya "FINAL", "FINAL MPYA", "FINAL YA MWISHO KABISA" na "FINAL YA BOSI". Faili ni moja, jina ni moja, linki ni moja. Mwenye linki leo na mwenye linki aliyopewa mwezi uliopita wote wanafungua hati ileile iliyo hai. Orodha mpya ingewekwa juu ya ile ya zamani, kijana angefungua linki yake na kukuta namba sahihi. Na kama kungekuwa na ubishi kikaoni, tungebonyeza mara moja tukaona nani aliweka toleo lipi, siku gani na saa ngapi. Nina hakika kabisa kwamba hii ndiyo sababu wakubwa wengine hawaupendi mfumo. Unaonyesha nani alichelewa, na hauangalii cheo.

Msiniambie ni teknolojia ngeni. Tarehe 9 Desemba 1968, mtaalamu wa Marekani Douglas Engelbart alisimama San Francisco mbele ya ukumbi uliojaa watu, akaonyesha yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park wakishughulikia maandishi yaleyale kwenye skrini, kila mtu akiwa mahali pake. SharePoint yenyewe ilitoka 2001. Google ilianza kutoa huduma ya kuandika hati pamoja mtandaoni mwaka 2006. Watoto waliozaliwa mwaka huo wako kazini leo, tena mmoja wao ndiye huyu tunayemkata mshahara kwa kutosoma grupu usiku.

Nirudi kwenye WhatsApp, maana ndipo ugonjwa ulipo. Kwa kuongea na mteja, kumuuliza dereva amefika Segera au bado, WhatsApp inafaa sana na sina ugomvi nayo. Ubaya ni kuifanya kabati la mafaili. Kila anayepokea faili anabaki na nakala yake, na nakala hizo hazijuani. Ukirekebisha yako, ya mwenzako haibadiliki. Ukitafuta hati ya shehena ya mwaka jana unapandisha kidole mpaka kinauma, ukiipata unabonyeza na unaambiwa faili halipo tena, mwombe aliyetuma alitume upya. Aliyetuma aliacha kazi, yuko Mwanza, namba kabadilisha.

Na hili si la kuchukulia kirahisi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa afisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie. Miaka mitano. TRA, mamlaka ya mapato, wakija kukagua mzigo wa miaka mitatu iliyopita, tutawapa nini, simu ya meneja? Juzi alibadilisha simu, na grupu la zamani likaondoka nayo.

Wazee wetu wa masjala walilijua hili kabla ya kompyuta. Barua ikiingia inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada lake, na jalada likitoka linaandikwa kwenye daftari limekwenda kwa nani. Hakuna mkubwa aliyebeba jalada nyumbani kimyakimya. Maktaba ya nyaraka ya mtandaoni ni masjala ileile, ila haihitaji kabati wala mtu wa kukimbia na jalada mkononi. Serikali yenyewe imeingia huko, taasisi nyingi za umma zinatumia mfumo wa e-Office. Sisi kampuni binafsi, tunaojisifu kuwa tuna kasi kuliko serikali, tuko nyuma.

Kuna mambo mengine mfumo unafanya na yanatuhusu moja kwa moja. Maktaba inaruhusu kuongeza safu za taarifa kwa kila hati: namba ya TANSAD, namba ya hati ya shehena, jina la mteja, meli, tarehe ya kuwasili. Ukishazijaza, unachuja. "Nionyeshe nyaraka zote za mteja fulani ambazo bado hazijapata kibali." Zinakuja kwa sekunde. Sasa hivi swali hilo mtu analijibu kwa kuzunguka meza kwa meza akiuliza. Unaweza pia kuagiza kwamba hati ikibadilishwa wewe upate ujumbe. Unaweza kuacha maoni pembeni ya mstari, ukamtaja mtu kwa alama ya @, akapata taarifa na kujibu palepale, na maoni hayo yakabaki na hati badala ya kupotea kwenye soga.

Idhini nazo. Kwetu barua ya dhamana inachapwa, inapelekwa kwa mkurugenzi, hayupo, yuko Dar, inapigwa picha, inatumwa, anasema sawa, inarudi kuchapwa tena, inasubiri siku atakayorudi aitie wino. Mfumo una njia ya kuomba idhini: hati inakwenda kwake, anabonyeza kukubali au kukataa akiwa popote, na rekodi inabaki. Mkurugenzi anasema sheria haitambui kitu hicho. Inatambua, mzee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015 na inazitambua saini na rekodi za kielektroniki. Kama kuna taasisi inadai karatasi yenye wino, sawa, tutachapa hiyo moja. Kwa idhini zetu wenyewe za ndani, wino wa nini?

Halafu ruhusa. Jamani, hili linanitia hofu kuliko yote. Kwenye grupu letu kuna nakala za pasipoti za wateja, vitambulisho vya NIDA, namba za TIN, bei halisi walizonunulia mizigo. Na kwenye grupu hilohilo bado wamo watu walioacha kazi, mmoja wao yuko kwa mshindani wetu. Nimesema waondolewe, nikaambiwa "ataona vibaya". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume kabisa ya kuisimamia. Siku mteja akienda kulalamika tutasema nini? Kwenye mfumo unaamua nani anasoma tu, nani anahariri, nani haoni kabisa. Linki unaweza kuipa tarehe ya mwisho ikajifunga yenyewe. Mtu akiondoka, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo na nyaraka za maktaba zinabaki mali ya ofisi. Ila alizoziacha kwenye OneDrive yake binafsi ya kazini muziwahi, kwa kawaida zinatunzwa siku 30 tu baada ya akaunti kufutwa. Ndiyo maana nasema hati za kazi ziwekwe maktaba, si kwenye kona ya mtu.

Visingizio ninavyopewa ni viwili. Cha kwanza, mtandao unakatika. Ni kweli unakatika, umeme pia. Lakini unaweza kuchagua folda unazozihitaji zikae ndani ya kompyuta, ukafanya kazi bila mtandao, na ukirudi zinajilinganisha zenyewe. Cha pili, "tutafutiwa vitu". Faili lililofutwa SharePoint linakaa kwenye pipa siku 93 kabla ya kuondoka moja kwa moja. Linganisheni na flashi iliyopotea kwenye bajaji ya Makorora.

Sisemi mfumo unajifanyia kazi. Bila mtu kupanga folda, bila kanuni ya kutaja mafaili, bila kuwafundisha watu, inageuka jaa jingine. Lakini mafunzo hayo ni mchana mmoja wa Jumamosi, nimejitolea kuyaendesha bila posho, na bado nasubiri jibu.

Bandari yetu imechimbwa kina, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushushia kwenye matishari. Mizigo itaongezeka, wateja watakuwa wakali zaidi, na sisi tutakuwa tunaulizana "ile orodha mpya nani anayo?"

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyesema ofisi yako ni ndogo na haina pesa ya kulipia kila mwezi: Akaunti ya Google ya bure inakupa GB 15, na hati za Google zina historia ya matoleo, maoni na ruhusa. PDF ya skani ukiifungua kwa Google Docs inajaribu kusoma maandishi yaliyomo, hivyo unaweza kuyatafuta. Ila fungueni akaunti ya ofisi, msitumie Gmail ya mtu. Akigombana na bosi anaondoka na kampuni.

Uliyeuliza kuhusu Nextcloud: ni programu huria ya kutunza na kushirikiana mafaili, ipo tangu 2016, unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Nzuri kwa wanaotaka nyaraka zikae ndani, lakini lazima awepo mtu anayeisasisha na kuweka nakala rudufu sehemu nyingine. Kama huna mtu huyo, usiiguse.

Uliyesema "dada acha kazi tu kama huipendi": naipenda. Ndiyo maana napiga kelele.

Na wanaouliza habari za kijana: bado hajarudishiwa pesa yake. Nimeandika dokezo kwa mkurugenzi, nimeambatisha ujumbe wa muuzaji na saa ulioingia kwenye simu ya meneja, na saa uliotumwa kwenye grupu. Nimeomba mambo mawili: alipwe alichokatwa, na kuanzia mwezi ujao hati yoyote ya mzigo isiyokuwa kwenye maktaba ihesabike haijapokelewa ofisini, hata kama aliyeipokea ni meneja. Majibu yakija nitayaweka humu.