Mdogo wangu kaniachia redio yake, roho haijatulia

Mwana Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 27. Msimu huu ugonjwa wa ubwiriunga umemharibia mikorosho, na korosho chache alizopata alishazilia kangomba tangu Julai, yaani alichukua pesa ya mlanguzi kabla ya mavuno. Mke karudi kwao Newala. Wiki mbili halali, usiku anazunguka uani. Juzi kaja na redio yake, betri kazifunga kwenye nailoni: "Kaka, kaa nayo tu, mimi sina kazi nayo tena." Redio ambayo hata mama haigusi! Tangu hapo katulia, anacheka. Mke wangu anasema kapona. Mimi naogopa anataka kujiua. Mtu anafikaje huko kwa deni la korosho?

Bint Mikindani
Hapo kuna mkono wa mtu. Mpelekeni akaombewe.

Nesi Mstaafu
Dua ziendelee, ila mkuu usisubiri kesho. Huko kutulia ndiko kunakonitisha. Deni peke yake halimfikishi mtu hapo. Ni deni, mke, usingizi, na aibu ya kwenda mnadani bila gunia, vyote kwa mpigo. Akili inabana, anaitazama dunia kama kwa bomba la jani la mpapai. Hata wewe hakuoni. Wengi hawatafuti kifo, wanatafuta maumivu yanyamaze. Na hali hiyo hupanda, ikashuka. Kule Marekani, mtafiti Richard Seiden alifuatilia watu 515 waliozuiwa kujiua dakika ya mwisho. Mwaka 1978 akaandika kwamba zaidi ya asilimia 90 hawakuja kujiua baadaye. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Asibaki peke yake, dawa za shamba ziondoke hapo nyumbani, na afike hospitali, Ligula au Ndanda.

Mvuvi Kivinje
Nilishapita huko. Shemeji alikuja kuomba chumvi, akaniona, akakaa. Hakunihubiria, alichambua dagaa wangu mpaka usiku wa manane. Asubuhi deni lilikuwa palepale, ila nilikunywa chai. Tafadhali msimwambie "mbona wenzako wana shida zaidi". Mimi niliambiwa hivyo, nikazidi kujificha.

Mwana Tandahimba
Nimemuuliza. Kakaa kimya akichimba mchanga na kijiti, kisha: "Ndiyo kaka. Tangu Alhamisi." Nililala mlangoni kwake. Saa hizi tupo stendi, tunasubiri gari la Mtwara. Redio nimeibeba. Kaniomba betri, anasema nimeziweka kinyume.