Makachu (kuruka baharini kutoka ukutani) ya Forodhani, Zanzibar: yakatazwe au yaachwe?

MtotoWaShangani: Jana jioni maji yameshaanza kupwa, kijana karuka ukutani kichwa chini, katoka paji limepasuka. Watalii wanapiga makofi, wanadhani ndo mchezo wenyewe. Tunasubiri mtu avunjike shingo? Mie nasema yakatazwe.

Kachu_Mkongwe: Naruka pale tangu darasa la tatu na shingo yangu hii hapa. Wanaoumia ni wasiojua kusoma maji. Bamvua likijaa, ruka utakavyo. Yakipwa, kaa ule urojo wako.

NesiWaMjini: Bahati tu hiyo, kaka. Ukitua kwa kichwa kwenye maji haba, uzito wote wa mwili unaishukia shingo. Uti wa mgongo ukiumia hapo, mikono na miguu inaweza kufa ganzi moja kwa moja. Halafu wenzako wanakuvuta kama gunia la nazi, wanamalizia kilichobaki! Kichwa, shingo na mwili vishikwe viende pamoja.

Kachu_Mkongwe: Bahati? Miaka kumi na minane ya bahati, dada nesi?

Peremende: Leo makachu, kesho kuogelea. Si hapa hapa Zanzibar ndondi zilikatazwa miaka thelathini?

MzeeWaMalindi: Thelathini wapi, mwanangu! Mzee Karume alizikataza 1964, zikaruhusiwa 2022 na Rais Mwinyi. Hesabu mwenyewe.

Peremende: Shikamoo mzee. Basi 58, hoja yangu imenenepa.

KijanaWaTandale: Miaka yote hiyo mkashangilia mabondia wetu wa bara. Mwakinyo alipompiga Eggington kule Birmingham 2018, nani alilala?

Peremende: Wenu? Mwakinyo wa Tanga. Tanga pwani, na pwani ni sisi.

KijanaWaTandale: 😂😂 Tanga imehamia Unguja lini? Mlipanda nayo boti?

NesiWaMjini: Ndondi zina mwamuzi, na daktari kakaa pembeni ya ulingo. Forodhani kuna nani?

Kachu_Mkongwe: Kuna muuza mishikaki.

MtotoWaShangani: Jamani, nimeuliza habari ya shingo za watoto.

Kachu_Mkongwe: Na wewe uliyeona damu jana, ulishuka kumsaidia au ulikuwa unarikodi?

MtotoWaShangani: Nilirikodi ili iwe ushahidi.

Peremende: Haya, ushahidi! Tuwekee basi tuone.

MzeeWaMalindi: Huyo wa Tandale asiichezee Tanga. Timu yao ya mpira, Coastal Union, walichukua ubingwa wa Bara 1988.

KijanaWaTandale: Ubingwa wa nini, mzee? Rudia.

MzeeWaMalindi: Wa Bara.

KijanaWaTandale: Asante.