Wadau wa Tanga, vifaa vya useremala mnanunua wapi bila kuzungushwa?

binti_makorora

Habarini wadau, shikamooni wakubwa zangu. Mie niko Tanga mjini, najifunza useremala kwa fundi mmoja huku Makorora na pembeni nimeshaanza kupokea vikazi vyangu, meza za chai, makabati ya jikoni, vitanda vya watoto. Kazi naipenda wallahi, kinachonichosha ni kununua vifaa. Maduka ya hadwea Ngamiani yamejaa, ila mengi ni ya ujenzi, saruji, nondo, mabati, rangi, vya seremala utavikuta vimebanwa shelfu moja huko nyuma, misumari, msasa wa namba mbili tatu, gundi nyeupe basi. Ukiulizia klempu ndefu (vibanio vya kushika mbao gundi ikikauka) au biti za ruta (vile visu vya mashine ya kuchonga kingo) unaangaliwa kama umeomba kipuri cha ndege.

Alafu hili la pili ndo linaniumiza zaidi. Nikiingia mwenyewe swali la kwanza ni "fundi wako yuko wapi?" Fundi si ndo mimi! Kuna duka nimeulizia bawaba za kabati zile za kujifunga taratibu, nikatajiwa bei, jioni nikamtuma mdogo wangu wa kiume akatajiwa bei ya chini na duka ni hilohilo. Siku nyingine nimeenda na fundi anayenifundisha, tukalipa, tunatoka muuzaji akamvuta pembeni akampa chake, yani kamisheni ya kumleta mteja. Hela yangu ati, chake kapewa yeye.

Sasa naomba uzoefu wenu, kuna maduka Tanga yanayomjali mteja wa useremala au wote mnaagiza Dar? Na mbao mnachaguaje mpaka usiuziwe mbao mbichi? Msinitajie tu jina la duka mkaondoka, nataka kujua mkifika pale mnaangalia nini.

mzee_wa_randa

Marahaba mwanangu. Hilo la chake lipo toka zamani na lipo kila mji, muuzaji anajua fundi ndo anayerudi kila wiki, mwenye nyumba anakuja mara moja tu, kwahiyo anamtunza fundi na ile hela anaipachika kwenye bei ya mwenye nyumba. Wewe ukiingia wanakuhesabu mwenye nyumba. Dawa yake usiingie unauliza "bawaba bei gani", ingia na karatasi ya vipimo, taja kitu kwa namba yake, bawaba ya kikombe milimita 35, skrubu za inchi moja na nusu, msasa 120 na 180, alafu mwambie nipigie bei ya fundi na hicho unachompaga fundi kitoe kwenye jumla. Akishasikia unajua vipimo lile swali la fundi wako yuko wapi linakufa lenyewe.

Mbao sasa. Usimruhusu kijana akuchagulie, hata kama amekuita dada mara kumi. Inua ubao mwenyewe, ufumbe jicho moja uangalie kwenye ukingo toka mwisho mmoja mpaka mwingine, ukiona umepinda kama upinde rudisha, ukiwa umejipinda kama bawa la feni rudisha mara mbili, huo hata randa haiuokoi. Angalia ncha zote mbili, ufa unaoonekana inchi mbili ndani yake unaweza ukawa mrefu zaidi. Na beba futi yako, ile 1x8 ya dukani, yani inchi moja kwa nane, baada ya msumeno na randa haiwi nane tena, ni saba na kitu, ukipanga kabati kwa hesabu ya nane mlango hautafika.

Mtiki huku kwetu tunajivunia wa shamba la Longuza, Muheza, ila mitiki ya shamba la serikali inauzwa kwa mnada na mingi mizuri inachukuliwa na wakubwa, inayotufikia sisi mtaani mara nyingi ni ya miti midogo, ina weupe mwingi pembeni. Ule weupe wadudu wanaupenda. Nunua unaoona kiini chake cha kahawia kimetawala, weupe ukizidi robo ya upana shusha bei au acha. Kwa kazi za ndani za kupaka rangi paini za Shume, Lushoto, zinatosha kabisa, watu wanazidharau bure tu.

kkoo_to_tanga

Dada usihangaike, Dar ndo kila kitu. Gerezani pale Kariakoo utapata patasi, randa, biti, klempu za kila urefu, bei unalinganisha duka kwa duka maana yamepangana. Mie natuma hela kwa mtu wangu, anakagua kwa video call, anafunga boksi anaweka kwenye basi, napokea stendi ya Kange. Nauli ya mzigo haifiki hata robo ya ile nyongeza wanayoweka Tanga.

fundi_pongwe

@kkoo_to_tanga mtu wako ni mwaminifu ndo maana unaongea hivyo. Mie nilitumiwa msumeno wa umeme wa mtumba toka Uingereza, mzuri, mzito, bei nafuu, nafika nyumbani naona plagi ya njano ya duara. Ile ni volti 110, kule Uingereza vifaa vya saiti vya ujenzi ndo hivyo kwa ajili ya usalama, majumbani kwao wanatumia 230 kama sisi. Ukikata ile plagi ukachomeka kwenye soketi yetu mota inakwenda na maji hapohapo. Muuzaji alijua, kwenye video plagi ilikuwa imefichwa nyuma ya boksi. Transfoma ya kumudu msumeno wa wati 1500 si ya bei ya kitoto, ukijumlisha na nauli ya basi ile nafuu yote imeliwa. Za Japani nazo ni volti 100. Kwahiyo jamani mwambieni mtu wenu apige picha kile kibati chenye maandishi, sio picha ya mashine nzima inayong'aa. Mie siku hizi mashine nanunua mahali naweza kuiwasha mezani kwa muuzaji, niisikie inavunguruma vipi, hata kama nitaongeza hela.

ruta_na_mie

Dada kabla ya kununua biti za ruta soma hii. Miguu ya biti, ile sehemu inayoingia kwenye ruta, ina saizi zake, kuna milimita 6, kuna robo inchi ambayo ni 6.35, kuna 8, kuna 12 na nusu inchi ambayo ni 12.7. Kwa macho 6 na robo inchi ni mapacha. Madukani zinachanganywa kwenye kopo moja na wauzaji wengi watakuambia "inaingia tu". Ukiweka ya 6 kwenye mdomo wa robo inchi, pale ruta inaposhika biti, inaingia kweli, unakaza mpaka mkono unauma, unawasha, ruta inazunguka zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika na biti haijashikwa sawasawa. Inateleza inatoka. Mie nimeona imeng'ata ukuta. Beba ruta yako dukani au ule mdomo wake tu, ujaribu pale pale, na kama unaye mtu mwenye kalipa, kile kipimo cha milimita ndogondogo, akupimie. Duka likikataa usijaribu ondoka, kwenye hili sina masihara.

muuza_hadwea

Naomba na mie wa upande wa pili nisikike maana mnatusema sana 😅 Nina kaduka, sitalitaja. Klempu ndefu niliwahi kuleta, zikakaa mpaka zikaota kutu, hewa ya bahari hii hapa Tanga chuma hakina rafiki. Mtaji umelala. Mfuko wa saruji unaingia asubuhi jioni haupo, klempu inasubiri mteja mmoja kwa miezi. Ndo maana maduka yanakimbilia ujenzi, sio kwamba tunawadharau maseremala.

Na hili la bidhaa ikishauzwa hairudishwi, mnaliona kama roho mbaya, lakini mtu ananunua drili ndogo ya kutobolea mbao anaenda kutobolea zege kutwa nzima, inaungua, anarudi nayo bado inanuka, anadai ni fake. Mie nachofanya nawasha mbele ya mteja, nampa risiti ya EFD, nampa siku kadhaa akiona kasoro ya kiwandani arudi nayo na boksi lake. Asiyekupa risiti huyo msamehe, tafuta duka lingine.

La bei ya mwanamke na bei ya mwanaume hilo nakubali lipo na ni aibu. Mie nimebandika bei kwenye shelfu, ugomvi umeisha.

mtanga_wa_ohio

Kwetu Chumbageni ila kwa sasa naishi Marekani, Ohio. Huku kuna maduka ya seremala tupu, kama Woodcraft na Rockler, hakuna saruji wala bati. Unaingia unakuta randa za mkono, patasi, gundi za kila aina, mbao ngumu zimepangwa na kila ubao una jina la mti, na Woodcraft wana madarasa dukani kwao, unalipa unafundishwa kutumia chombo. Nikienda na maswali ya kijinga wananijibu, wengi wa wauzaji ni maseremala wenyewe, wengine wazee wastaafu wanaopenda kupiga stori mpaka unasahau ulichofuata.

Ila msidhani ni peponi. Mbao pale ni ghali kuliko kwenye yadi za mbao za kawaida, wenyeji wanaojua wananunua vyombo pale na mbao wanaenda kuchukua kwa wapasuaji mashambani. Na kipimo chao kinachanganya mgeni, wanauza kwa board foot, yani ubao wa futi moja kwa futi moja wenye unene wa inchi moja, inchi za ujazo 144. Unaona bei imebandikwa ndogo unafurahi, ukifika kaunta ubao umepigiwa hesabu ni board foot saba. Alafu mbao zao zimekaushwa kwa tanuri mpaka unyevu asilimia 6 hadi 8. Ningekuja na meza ya huku kuiweka Raskazone ingevimba, maana hewa ya Tanga mbao inatulia kama kwenye 14, 15 hivi.

binti_makorora

Asanteni sana jamani, nimechota mengi. @mtanga_wa_ohio hiyo asilimia unaijuaje? Kipima unyevu huku sijakiona duka lolote, na muuza mbao ukimuuliza imekauka anakujibu "imekauka dada, imekaa jua siku nyingi" wakati ukiishika ni baridi.

mtanga_wa_ohio

Huna haja ya kifaa. Omba kipande cha urefu wa kiganja, kikatwe katikati ya ubao, sio nchani maana ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni moto kama wa nyuzi 100 na kidogo, pima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Mfano kilianza gramu 115 kikaishia 100, gramu 15 zilizopotea ni maji, gawanya kwa zile 100 za mwisho, unyevu ni asilimia 15, kwa Tanga hiyo chukua. Kikianza 140 kikaishia 100 huo ubao bado unakunywa maji, mlango wa kabati utakaotengeneza utakuja kupungua upana mpaka panya apite.

mzee_wa_randa

Oveni za nani hizo Makorora 😂 Mwanangu nunua mapema, zipange kivulini ndani, kila ubao utenganishe na vijiti hewa ipite, juu weka mawe. Zipe muda. Hela ya mteja ukishapokea ya mbao nenda kanunue siku hiyohiyo, usisubiri wiki ya kuanza kazi. Na ukinunua mtiki au mninga mwingi wa kusafirisha omba uone hati ya kusafirishia ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, ukikutwa kwenye kizuizi na mbao zisizo na hati unaulizwa wewe, muuzaji yuko kwake anakunywa kahawa.

jahazi_pangani

Mmesahau marini bodi, plaiwudi ya kustahimili maji. Hadwea nyingi wanaita marini lile bodi lenye uso wa kahawia unaong'aa, lile ni la kumwagia zege, limetengenezwa kutumika mara kadhaa likatupwa. Kabati la chini ya sinki ukiliweka hilo kwa kuamini jina utarudi kulibomoa. Omba kakipande, kachemshe sufuriani masaa kadhaa, gundi ya ukweli haiachii, ya uongo matabaka yanafunguka kama kitabu. Na unene upime kwa futi, wanaandika 18 unakuta 16.

fundi_pongwe

@muuza_hadwea mkuu, kama tatizo ni mtaji kulala kwanini usikusanye oda kwanza? Mie nachukua klempu nne za futi nne, natanguliza nusu.

muuza_hadwea

Hilo linawezekana. Wakipatikana watu watano wa kutanguliza nusu naziagiza na mzigo wangu unaofuata, nauli tunagawana. Nitumieni orodha inbox, mwandike na saizi, sitaki mtu aniandikie "klempu kubwa".

binti_makorora

Mie mbili za futi nne, na biti ya nusu inchi mguu, ya kuviringisha kingo. Ruta nakuja nayo dukani tujaribu hapohapo.

ruta_na_mie

Niandike na mie klempu mbili. Na msasa 240, 240 ya ukweli mkuu, ule uliopita uliniuzia imeandikwa 240 kumbe unakwaruza kuliko 120, wakati namba ikipanda msasa unatakiwa uwe laini.