Tumestaafu, tunataka kuishi kwenye boti sehemu ya mwaka. Naomba ushauri wa wanaoijua bahari yetu

Mwalimu wa Machame (Moshi)

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 61, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mume wangu ana 66, ni fundi wa injini za dizeli, ajira alishaiacha. Watoto wanajitegemea, kihamba (shamba la nyumbani) kipo, nyumba ipo, deni hatuna. Tunataka kila mwaka tushuke Tanga, tuishi kwenye boti yetu wenyewe miezi mitatu minne, tutembee pwani taratibu: Pangani, Pemba, Unguja, Bagamoyo, Mafia, Kilwa. Tunapopapenda tunatia nanga. Tukitosheka tunarudi Moshi.

Si wazo la juzi. Mzee alifanya kazi Tanga ujanani, wavuvi wa Sahare wakamfundisha kuendesha ngalawa, na mpaka leo tukiwa shambani upepo ukibadilika anasimamisha jembe ageuze shavu kuutafuta unatokea wapi. Mimi pepo za kusi na kaskazi nilizifundisha ubaoni miaka yote, lakini nilizielewa mwaka jana tulipopanda chombo cha rafiki yake kutoka Tanga kwenda kisiwa cha Misali. Nimeipenda bahari mwenyewe, sivutwi na mume. Tulipokuwa Tanga tulikutana na mke na mume wa Kijerumani, wastaafu, wanaishi kwenye boti yao ya tanga. Mama yule alikuwa amekaa sitahani anashona tanga lililochanika, mumewe anapika. Tuliongea nao jioni nzima, na tangu siku hiyo sijatulia.

Sasa tumeonyeshwa mashua ya mbao, futi 36, ina mlingoti na injini ya dizeli, na imejengewa chumba cha watu wawili. Mwenyewe anataka milioni 32, ambazo zitatoka kwenye kiinua mgongo changu. Mzee ameikagua injini ameridhika. Mbao hatuzijui.

Mengine muyajue kabisa: sijui kuogelea, nina presha na kliniki yangu iko hospitali ya KCMC, na mtoto wetu wa kwanza hataki hata kusikia habari hii.

Tuichukue hii au tutafute ya faiba (fiberglass)? Tukiwa Moshi chombo kikae wapi? Na tusafiri miezi gani?

Mwika Juu

Shikamoo mama. Nakuomba usikilize kama mdogo wako. Kiinua mgongo hakirudi mara ya pili. Hiyo milioni 32 ukiiweka kwenye hatifungani za serikali utapata riba kila baada ya miezi sita, au jenga vyumba vya kupangisha pale Moshi mjini. Bahari mnaweza kwenda kuitembelea, mkalala hotelini wiki mbili, mkarudi. Chombo kinakula hela hata kikiwa kimesimama. Sipingi furaha yenu, nahofia mmoja wenu akiugua mkiwa na miaka 70 na hela zote ziko majini.

Nahodha wa Pangani

Shikamoo mama. Nimezaliwa Pangani, nimeanza na majahazi ya mbao na chokaa kwenda Unguja na Pemba, baadaye nikafanya kazi kwenye boti za wageni. Niruhusu niseme kwa urefu.

Anza na miezi, maana hiyo ndiyo itakayowaamulia mengine. Mkondo wa bahari kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, upepo nao unasukuma huko huko na mkondo unaongezeka nguvu. Ukitoka Tanga kwenda Bagamoyo wakati huo utapiga bisho kutwa, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na jioni utaiona minazi ile ile uliyoiacha asubuhi. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, upepo unakuja nyuma yako na mkondo unalegea. Kwa hiyo kusini mnashuka na kaskazi, mnarudi na kusi. Tatizo ni kwamba katikati yake kuna masika, na miaka hii tumeona na vimbunga: Mei 2024 Hidaya ilifika mpaka Mafia. Hapo ndipo wanaojua wanapogawa safari mbili. Wanashuka Januari mpaka Machi, chombo wanakiacha mahali palipokingwa na upepo kama bandari ya Kilwa Masoko au ghuba ya Mikindani chini ya mlinzi wa kuaminika, wao wanarudi nyumbani kwa basi. Agosti mwishoni au Septemba, kusi inapopungua ukali, wanakifuata na kuja nacho taratibu. Najua Wachaga Desemba mnapanda nyumbani. Kuleni sikukuu, shukeni Januari, hamjachelewa.

Mwaka wa kwanza lakini msiende kusini. Kaeni Tanga, Pangani na visiwa vya karibu. Pemba mtavuka mkishakizoea chombo, maana mlango wa bahari kati ya Bara na Pemba una kina cha mamia ya mita na mawimbi yake si ya kufundishia mtu.

Mashua ya mbao. Msiinunue ikielea. Mwambieni muuzaji aipweleze ufukweni siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, aisimamishe kwenye magadi, nguzo za kuiegemeza, maji yakitoka mzunguke chini yake mkiwa na fundi wa kalafati (kuziba nyufa za mbao) mliyemtafuta wenyewe. Shikeni kisu chembamba. Bonyeza ncha kwenye mbao zilizo kando ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kisha nyuma kwenye fashini, nguzo ya tezi, kisha mstari wa maji. Mbao nzima inakikataa kisu. Iliyoliwa na mdudu inakipokea, kwa sababu kwa nje anaacha tundu dogo kama la sindano na ndani amechimba mfereji mzima. Tazameni vichwa vya misumari: mchirizi mweusi ukiteremka kutoka kwenye msumari, ujue kutu imeshakula huko ndani. Halafu ingieni, inueni mbao za chini muangalie ngama, pale maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Ombeni kulala humo usiku mmoja, zimeni pampu, muone asubuhi yamefika wapi.

Mkishakinunua, bajeti yake ni kalafati kila mwaka, kusugua chini na kupaka rangi ya kuzuia wadudu na chaza, kamba, nanga ya akiba. Sisi kwenye majahazi tulichoma chini kwa makuti tukapaka chokaa na shahamu, na kazi hiyo haikuwa na likizo.

Usiku msitembee. Ngalawa nyingi hazina taa na nyavu hazionekani. Kwenye miamba pitieni jua likiwa juu na nyuma yenu, ndipo rangi za maji zinasomeka. Na mkija Pangani msiingie mtoni maji yakiwa madogo, mlangoni pana fungu la mchanga. Karibuni sana, mto huu unatoka kwenu.

Faiba Msasani (Dar es Salaam)

Mimi sikubaliani na mbao kwa wazee wawili. Nahodha ameandika ukweli mtupu, lakini huo ukweli wenyewe ndio unaokataza. Nani atalala chini ya mashua kusugua chaza akiwa na miaka 68? Tafuteni boti ya faiba iliyotumika, hata ikiwa ndogo, futi 28. Haili mdudu na haihitaji kalafati. Itakuwa ghali zaidi kununua, na mkiipata iliyopigwa na jua miaka mingi fundi aikague pia, lakini mtalala usingizi.

Binti Raskazone (Tanga)

Mama karibu kwetu. Swali la wapi kikae: ghuba ya Tanga ni tulivu, na kuna Tanga Yacht Club hapa Raskazone ambako boti nyingi zimefungwa. Nendeni ofisini kwao muulize masharti ya uanachama na nafasi. Mkiona ni ghali, kuna wazee wa uvuvi wanaolinda vyombo kwa malipo ya mwezi. Chagueni mlinzi anayeishi pale pale ufukweni, siyo anayekuja kwa pikipiki jioni. Injini na betri za sola ndizo zinazoibwa kwanza. Na yeye awe na namba zenu, kila bamvua akague kamba na awatumie picha.

Makaratasi: huku Bara chombo kinasajiliwa na kukaguliwa na TASAC, wakala wa serikali wa meli. Mwambieni muuzaji atoe cheti cha usajili chenye jina lake mwenyewe kabla hamjatoa hata shilingi. Mkivuka kwenda Unguja au Pemba, ripotini bandarini mnapofika, kule kuna mamlaka yao ya usafiri wa baharini, ZMA. Mafia sehemu kubwa ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kuna kiingilio, na si kila mahali mnaruhusiwa kuvua au kutupa nanga.

Muuguzi wa Zamu

Pole na hongera mama. Presha siyo kizuizi ikiwa imedhibitiwa, lakini zungumza na daktari wako KCMC kabla, mwambie wazi unakwenda wapi na kwa muda gani. Omba dawa za muda wote wa safari na ziada, uzigawe mafungu mawili, moja likae kwenye mfuko usioingia maji. Kipimo cha presha cha mkononi mbebe. Jua na chumvi vinakausha mwili, na kama unatumia dawa zinazotoa maji, hilo ndilo la kumuuliza daktari kwa makini zaidi. Andika hospitali njiani: Bombo Tanga, hospitali ya wilaya Kilindoni Mafia, Kinyonga kwa upande wa Kilwa, Sokoine Lindi, Ligula Mtwara. Kabla ya kutoka hakikisheni bima yenu inapokelewa wapi.

Mzee naye apimwe. Watu tunamwangalia mwenye kadi ya kliniki tukamsahau anayejiita mzima.

Kijana wa Njiro (Arusha)

Mama, mimi ni mtoto wa wazazi wastaafu na nimemwelewa mwanao. Kinachotutesa ni ukimya. Mpeni ratiba iliyoandikwa: leo tupo wapi, kesho tunakwenda wapi, tukichelewa tunaingia wapi. Kila jioni mkitia nanga mmoja apige simu au atume ujumbe. Mtandao unapatikana sehemu nyingi karibu na pwani lakini usiutegemee peke yake, wekeni redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Na huyo wa kwanza mchukueni siku ya ukaguzi aione hiyo mashua kwa macho yake, badala ya kumsimulia.

Mwalimu wa Machame (Moshi)

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno na mzee amesoma mara mbili.

Mwika Juu, mdogo wangu, tumekaa na hesabu yako jana usiku. Tumekubaliana hivi: chombo hakitazidi theluthi ya kiinua mgongo changu, theluthi moja inakwenda kwenye hatifungani kama ulivyosema, na iliyobaki haiguswi, ni ya ugonjwa. Pensheni zetu mbili za mwezi zitatutunza, kwenye boti au kihambani, kula ni kula. Vyumba vya kupangisha sitajenga. Nimelea watoto wangu na wa wenzangu darasani maisha yangu yote, na miaka niliyobakiza na nguvu sitaki kuimalizia nikifuatilia kodi za wapangaji.

Suala la faiba limetugawa. Mzee anataka mbao kwa sababu mafundi wake wapo kila kijiji cha pwani. Mimi naelekea kwa Msasani. Tutaikagua hii kwanza.

Kuogelea naanza wiki hii, kuna bwawa la hoteli hapa mjini lenye saa za wanawake asubuhi. Nahodha, kuna kozi tunayohitaji kusoma? Na siku gani hasa tuje kuikagua?

Nahodha wa Pangani

Mama, kuogelea ni vizuri, lakini jaketi okozi vaa hata ukishajua, na mzee naye, kila mnapotoka nje ya miamba. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, wana mafunzo mafupi ya kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza. Nendeni wote wawili, na wewe ujifunze kuendesha chombo na kushika usukani peke yako, maana akianguka yeye ni wewe utakayewarudisha nchi kavu. Hali ya hewa ya bahari TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaitangaza kila siku. Wakitaja upepo mkali na mawimbi ya mita mbili, siku hiyo pikeni chai mkae.

Msasani ana hoja juu ya umri. Mkikuta mbao za chini zimeliwa hata kidogo, mfuateni yeye.

Siku: subirini mwezi mpevu upite siku moja au mbili. Siku hizo maji kwetu yanajaa karibu saa kumi alfajiri na yanakupwa karibu saa nne asubuhi. Muuzaji aiingize ufukweni na maji ya alfajiri. Nyinyi fikeni Tanga jana yake, mlale, saa mbili asubuhi muwe pale na fundi. Kuanzia hapo mna kama saa nne za kuzunguka kabla maji hayajarudi. Nitumieni ujumbe, nami nitapanda gari la asubuhi kutoka Pangani.