Aliyeweka sarafu 104 kwenye levo inayodai 100 ana roho mbaya

Wakuu kwema? Niko Kigoma, Mwanga, na uzi huu naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia. Mods naomba msiutupe jukwaa la vichekesho, mimi sicheki.

Naongelea Super Mario 64. Najua madogo wa humu watakuja mbio, oooh gemu ya 1996 mzee unalalamika nini leo, hamia kwenye simu. Tulia kwanza dogo. Huku mtaani kuna banda la gemu, mashine zote ni mpira tu asubuhi mpaka usiku, ila kwenye kona kabisa kuna TV ya chogo na Nintendo 64 ya mtumba, na kaseti iliyopo ni hiyo moja. Tunaoigusa ni mimi na dogo mmoja anatokea Ujiji. Jero nusu saa, bei ileile ya wanaocheza mpira, hakuna punguzo la uzee wa mashine.

Sasa kwa asiyejua mambo yalivyo. Gemu linaanzia kwenye kasri, na lile kasri lina levo 15, nyingi unaingia kwa kurukia picha ukutani. Kila levo ina nyota 7, na ya saba huipati kwa kumpiga mtu wala kupanda mlima, unaipata kwa kuokota sarafu 100 ndani ya levo hiyohiyo kwa mkupuo mmoja. Ya njano inahesabika 1, nyekundu 2, bluu 5. Mpaka hapo poa. Sasa sikia upuuzi wake: ukifa, zote zinarudi sifuri. Ukitoka nje ya levo, sifuri. Ukigusa nyota nyingine yoyote kwa bahati mbaya, gemu linakupongeza, Mario anaonyesha vidole viwili, halafu unatupwa nje na sarafu zako 80 na kitu zimeenda na maji. Eti hongera! Hongera ya nini, si umeniibia?

Na mbaya zaidi zile nyekundu ziko 8, ukimaliza kuziokota inatokea nyota yake, kwa hiyo unatakiwa uziokote maana ni sarafu 16 zile huwezi kuziacha, ila nyota yenyewe ukiiona uikimbie kama deni mpaka ufikishe 100, na mara nyingine kamera inageuka yenyewe unajikuta umeikanyaga. Kamera ya hili gemu anashika Lakitu, yule wa kwenye wingu, na sijawahi kuona mpiga picha mzembe kama yule hata kwenye harusi za huku kwetu.

Haya twende kwenye kichwa cha uzi. Levo ya tatu, Jolly Roger Bay, ile ya ghuba yenye meli iliyozama na yule mkunga mkubwa anayechungulia kwenye shimo. Levo nzima ina sarafu 104. Mia moja na nne! Inakudai 100. Yaani umeruhusiwa kuacha nne tu kwenye bahari nzima. Sarafu ya bluu moja ni 5, sasa piga hesabu mwenyewe, ukikosa bluu MOJA unabaki na 99 na hakuna nyingine popote, umekwisha. Na hizo za bluu hazikai zinakusubiri, kuna kitufe unakikandamiza kwa makalio, zinatokea, baada ya muda mfupi zinaanza kupepesa, zinapotea, na kitufe chenyewe kinapotea nacho. Hakirudi mpaka uingie levo upya. Nani alikaa mezani akaona hii ni sawa, na wenzake wakamwambia mkuu umetisha, tuweke?

Chini ya maji nako ni shughuli nyingine. Ile duara ya uhai ndiyo pumzi yako, inapungua taratibu unavyoogelea, na sarafu ndizo zinazokuongezea. Hapo ndipo nawapa sifa kidogo, maana kwa mara ya kwanza sarafu ina kazi, unaifuata kwa sababu bila hiyo unakufa, unaipata unashusha pumzi. Wazo tamu kabisa. Halafu wanalichafua, kwa sababu ukishajua unazihitaji zote unaacha kuogelea kama mtu anayetafuta hewa, unabaki unatambaa kwenye mchanga unakagua kila kona kama mama wa Katonga anayeokota dagaa waliomwagika nje ya chekeche. Raha ya bahari yote imekufa. Ile meli hata huitazami.

Dire, Dire Docks, levo nyingine ya majini, ndiyo wamerudia ushenzi uleule, jumla 106. Sita za kuacha! Wameona huruma wakaongeza mbili.

Na kuna zile sarafu zinazotoka kwa maadui. Unamkanyaga jamaa, sarafu inaruka, inadunda, kama uko karibu na ukingo inaweza kwenda zake shimoni huku unaiangalia. Ukichelewa inapepesa na kupotea. Kwenye levo yenye 190 na kitu kama Tiny-Huge Island unasema potelea mbali. Kwenye ghuba ya 104 unasimama unashika kichwa.

Rainbow Ride ndiyo sitaki hata kuiongelea sana nitapandisha presha. Levo yote iko angani, unapanda zulia linaloruka, ukishuka kufuata sarafu pembeni zulia halikusubiri sana linapotea, na chini hakuna kitu, ni kufa tu. Kufa ni sifuri. Mimi na dogo wa Ujiji tuna makubaliano kwamba mmoja akiwa kule mwingine haongei, na mwenye banda akija kusema "kaka muda wako umeisha" nakuwa namwangalia tu. Juzi nilikuwa na sarafu 97. Tisini na saba wakuu, nimesimama sehemu salama, naziona tatu za mwisho pale mbele, umeme huo ukaenda. Banda zima likapiga kelele, wa mpira wakacheka wakatoka nje kununua miwa, maana wao mechi ni dakika chache watacheza nyingine. Mimi jero yangu mbili zimezimika na ile TV. Nikamwambia mwenye banda nifidie hata nusu saa, ananiambia "kaka umeme siukati mimi". Sawa, hukati wewe, lakini ukirudi si unawasha saa yangu upya?

Sasa mtu utavumilia yote hayo kama mwisho wake kuna kitu cha maana. Wapi! Kumfikia Bowser, yule adui mkuu, kwenye pambano la mwisho unahitaji nyota 70 tu. Zote zikiwa ni 120 ukijumlisha na za siri za ndani ya kasri, na 15 kati ya hizo ni hizi za sarafu. Ukizimaliza zote 120 unafunguliwa mzinga pale nje, unajirusha juu ya paa la kasri, unamkuta Yoshi, yule dinosa rafiki wa Mario, kakaa anakushukuru, anakupa... maisha 100. MAISHA MIA. Nimeshamaliza gemu lote, nimekufa mpaka nimechoka kufa, ndio unaniletea maisha mia ya kwenda nayo wapi? Ungenipa siku ile kule kwenye zulia!

Na usidhani ni hili tu, hawa watu wa Nintendo wana kamchezo haka. Mwaka 2012 wakatoa New Super Mario Bros. 2 kwenye 3DS, ile mashine yao ya mkononi, gemu zima ni dhahabu, wakakuhimiza ukusanye sarafu milioni moja. Kuna watu walizifikisha. Zawadi ni ule ukurasa wa kufungulia gemu kubadilika, unawekewa Mario wa dhahabu. Basi. Milioni moja, unapewa picha. Halafu Super Mario Run ya simu ya 2016, sarafu tano za pinki kila levo, uzipate zote kwa mbio moja, ukimaliza zinakuja za zambarau, ukimaliza zinakuja nyeusi, levo ni ileile unairudia kama adhabu, na kuifungua yote ni dola 9.99.

Wanaosema "mzee sarafu za Mario siku zote ni mapambo" hawajacheza Super Mario Bros. ya kwanza kwa makini. Ile ya 1985, ambayo nusu yetu humu tuliicheza kwenye TV game za kaseti zilizoandikwa gemu laki tisa na kitu kumbe zipo kama thelathini zinajirudia. Mle sarafu 100 ni uhai mmoja, hapohapo, unaendelea na safari, na ukifa idadi yako inabaki. Tena kuna siri tamu ambayo wengi hawaijui: ule uyoga wa kijani uliofichwa kwenye 2-1 (dunia ya pili, levo ya kwanza) hautokei kama hukuokota sarafu za kutosha kwenye 1-3. Gemu linakutazama kimya kimya, ukiwa mchapakazi linakulipa baadaye bila kukutangazia. Hiyo ndiyo heshima kwa mchezaji. Kutoka hapo ukafika kwenye 104 kwa 100, sielewi walianguka wapi.

Na dawa wanaijua, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Super Mario Odyssey ya 2017 ina zile sarafu za zambarau, kila nchi na umbo lake, jumla 1000. Ukishaokota ni yako. Ukifa unakatwa sarafu 10 za kawaida, za zambarau hazirudi nyuma hata moja, unakwenda nazo dukani unanunua kofia na nguo. Rahisi hivyo! Iliwachukua miaka 21 kugundua kwamba nilichookota ni changu.

EDIT: mnaosema "si lazima, achana nazo". Mkuu, pale kwenye faili la kuhifadhi gemu panaandikwa idadi ya nyota. Dogo wa Ujiji yuko faili A ana 112. Mimi niko B na namba yangu siitaji hapa. Mmenielewa.

EDIT 2: kwa yule aliyesema tatizo ni mkono wangu, mkono hauna shida, kile kijiti cha katikati cha pedi kimelegea, ukikisukuma mbele Mario anakwenda kushoto kidogo, na kule kwenye zulia "kidogo" ndiyo kifo. Mwenye banda anasema pedi za N64 hazipatikani. Kama kuna mtu yuko Dar anajua sehemu Kariakoo wanauza ambayo kijiti bado kigumu, anicheki PM na bei, nitamtuma mtu wa treni. Za kopi kopi sitaki.