Unga wa mizizi kwa ajili ya chango la uzazi

Binti wa Newala
Shikamooni mama zangu. Nina miaka 29, na kwa mwaka mzima hedhi yangu imekuwa ikija na maumivu makali chini ya kitovu, tena damu hutoka siku 9. Shangazi alisema ni chango, akanichemshia tangawizi na mdalasini. Maumivu yalipungua, lakini damu haikupungua. Sasa muuza dawa gulioni amenipa unga wa mizizi asiyotaka kuitaja, nusu ninywe, nusu niweke ukeni ili “kusafisha kizazi”. Je, niutumie?

Mkunga mstaafu, Masasi
Marahaba, mwanangu. Shangazi yako hakukosea. Maumivu ya siku za mwanzo husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoukaza msuli wa mji wa mimba, na tafiti zilizowapa wanawake unga wa tangawizi wa miligramu 750 hadi 2,000 kwa siku zilionyesha kwamba maumivu hayo hupungua. Shida ni hilo neno chango, ambalo huku kwetu hubebeshwa kila kitu, kuanzia maumivu ya kawaida na maambukizi hadi uvimbe wa kizazi na mimba inayoharibika. Hedhi ya kawaida haivuki siku 8. Nenda upimwe ujauzito, wingi wa damu na ultrasaundi. Usiweke unga huo ukeni, kwa sababu uke hujisafisha wenyewe, na dawa kama hiyo yaweza kuua bakteria wanaoulinda.

Mama Mikindani
Dada mkunga anasema kweli, ila tusiwalaumu wanaokwenda gulioni. Mimi nilipokwenda kituo kimoja cha afya nilikemewa mbele za watu kwa kutaja mitishamba, nikaapa kutorudi, na nilirudi baadaye nikiwa sina nguvu hata za kubeba ndoo. Majani ya mlonge nilikuwa nayapika kila siku, nikiyakamulia ndimu, lakini damu mwilini ilikuwa imeshapungua mno na mboga peke yake haikutosha.

Mkunga mstaafu, Masasi
Pole, dada yangu. Mhudumu yule alikosea. Binti, mweleze daktari kila ulichokunywa, na kama unatafuta mtoto uache muarobaini, kwa kuwa katika wanyama umeonekana kuharibu mimba. Ukiona pedi inalowa kila saa, usisubiri miadi.

Binti wa Newala
Asanteni. Unga bado umo kwenye karatasi yake. Nitakwenda nao hospitali Jumatatu, pamoja na shangazi.